Eka ya Hatua Sabini: Kisa cha Vitalu vya Kukodisha Mlandizi

Mzee aliyeuza alipima mwenyewe. Alianzia kwenye mkorosho wa mpakani, akatembea kuelekea mtoni huku akihesabu kwa sauti, akafika sabini, akachomeka kijiti. Akageuka kushoto, akahesabu sabini nyingine. "Eka hiyo, mama. Kamili." Dada yangu akaitikia, mwenyekiti wa kitongoji akaitikia, na mimi niliyeshika mwavuli nikaitikia pia. Vijijini kwetu eka ni hatua 70 kwa 70, na hakuna anayebishana.

Hesabu hiyo ina asili yake. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka ya vitabuni ni 4,840. Sharti lake ni kwamba hatua moja iwe yadi moja, yaani sentimita 91 na ushei. Mzee wetu alishavuka miaka sabini na mguu wake mmoja ulikuwa mzito. Miezi minne baadaye tulipotandaza futi kamba ya mita 50, eneo lilitoka mita 56 kwa 58. Hizo ni mita za mraba 3,248, wakati eka ni 4,047. Sidhani alikusudia kudhulumu mtu. Alikuwa na hatua fupi tu, na kwa bei tuliyolipa, ufupi wa hatua zake ulikuwa na thamani ya karibu shilingi milioni 1.4.

Nakisimulia kisa hiki chote, na hesabu zake, kwa sababu kila mwezi nakutana na mtu mwenye wazo lilelile alilokuwa nalo dada: kununua eka na kuwakodishia watu vitalu vya bustani.

Wazo lilitoka Leicester

Dada ni muuguzi mstaafu. Alipokea mafao yake mwaka 2020, na kama ilivyo kawaida ndugu wote tukageuka washauri: nunua bodaboda, jenga vyumba vya kupangisha, fuga kuku wa mayai. Yeye alikuwa na lake. Binti yake anaishi Leicester, Uingereza, na alikuwa amesubiri zaidi ya miaka miwili kwenye orodha ya halmashauri ya mji hadi akapewa kipande cha kulima mboga. Utaratibu huo kule ni wa zamani. Sheria ya 1908 inazitaka halmashauri zitafute ardhi kwa wakazi wanaotaka bustani, na kipande cha kawaida ni kama mita za mraba 250, kwa kodi ya mwaka. Mtu analima viazi na maharage ya nyumbani kwake. Wajerumani nao wanavyo, na sheria yao ya 1983 imeweka ukomo wa mita za mraba 400.

Binti akatuma picha: yeye na mume wake, mabuti ya mpira, boga kubwa mapajani. Dada akaitazama ile picha, kisha akaitazama Tabata anakokaa, jijini Dar es Salaam, nyumba ukuta kwa ukuta, mtu hana pa kuotesha hata shina moja la mchicha. Akapiga hesabu nyuma ya kalenda: eka moja, vitalu 30 vya mita 10 kwa 10, shilingi 25,000 kwa mwezi kila kimoja. Shilingi 750,000. "Mdogo wangu," aliniambia, "hiyo ni pensheni ya pili."

Sikumpinga, na kosa hilo ni langu. Kukodisha ardhi kwa msimu si jambo geni Tanzania. Kilombero watu wanakodi majaruba ya mpunga, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi wanakodi mashamba ya vitunguu. Ila wote hao wanaokodi ni wakulima. Dada alitaka kumkodisha karani, dereva, mwalimu wa chekechea. Hapo ndipo swali lilipaswa kuulizwa, na hatukuuliza. Tuliuliza bei.

Karatasi, na miti isiyokuwemo kwenye karatasi

Februari 2021 tulinunua kwa shilingi milioni 7, katika kijiji kimoja upande wa Mlandizi, mkoa wa Pwani. Juu yake tukatoa 700,000, ile asilimia 10 ya mazoea inayoombwa wakati wa kushuhudia mauziano. Kwa upande wa karatasi nampa dada alama nzuri. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na mtu wa nje hawezi kumalizana na muuzaji chini ya mwembe akadhani amenunua. Halmashauri ya kijiji ilikaa, muhtasari ukaandikwa, majirani wa pande zote wakaonyesha mipaka na kusaini, mke wa mzee akasaini. Wengi wanasahau saini ya mke, halafu inawatoka mahakamani.

Tulichosahau sisi ni mikorosho.

Mwezi haujaisha, akaja kijana na baiskeli. "Shikamoo mama. Pole na shughuli. Nimekuja kuhusu mikorosho yangu minne." Alikuwa mtoto wa mzee kwa mke mwingine. Ardhi ni ya baba, hilo hakulikataa, lakini miche aliiotesha yeye na kila msimu anaokota yeye. Mtu wa bara anaweza kuona huu ni ujanja. Mtu wa Pwani anajua kwamba ardhi na mti ni mali mbili, na kuna minazi ya ukoo mmoja iliyosimama vizazi viwili katika kiwanja cha ukoo mwingine. Hati yetu ya mauziano ilitaja "shamba" na mipaka yake, basi. Tukaafikiana shilingi 120,000 kwa mti, jumla 480,000, na safari hii tukaandika. Nimewahi kuona ugomvi wa miti ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kula miaka, kwa hiyo ile 480,000 naihesabu kuwa tulipata punguzo.

Mita sitini

Kilichompendeza dada kuliko vyote ni kwamba shamba lilishuka kuelekea kijito kinachoingia mto Ruvu. Maji jirani, bustani jirani. Mpaka wa chini ulikuwa mita 38 kutoka ukingoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Kulima matuta, kumwaga mbolea na kupiga dawa, hatua chache kutoka kwenye maji yanayonywewa Dar es Salaam, kunaingia humo. Bwana shamba wa kata alituambia hivyo bila hasira, akaongeza kwamba majirani wanaolima hadi kwenye matete nao wanajua. Dada, ambaye maisha yake yote alifuata maelekezo ya dawa hadi nukta, hakutaka kuwa kama majirani.

Basi tukatoa mita 22 za upande wa chini kwa upana wote wa mita 58. Zikaondoka mita za mraba 1,276. Tulizobaki nazo zilikuwa 1,972. Iweke hiyo karibu na 4,047 ya kwenye kalenda: nusu haifiki. Vitalu 30 vikawa 14, baada ya kutenga njia, mahali pa matenki na kibanda cha vifaa.

Wakati ule niliona ni hasara tupu. Masika ya 2024, mvua zilizofurisha Rufiji na sehemu nyingi za Pwani, kile kijito kilipanda, kikafunika ukanda wote tuliouacha na majani yake, kikasimama hatua kama kumi kutoka kitalu cha kwanza. Majirani walipoteza bamia na nyanya chungu zote.

Madumu ishirini na tano

Sasa maji yenyewe, maana hiki ndicho kiini cha kisa.

Kitalu cha mita 10 kwa 10 kilichojaa mboga za majani, kiangazi cha Pwani, kinataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 5 juu ya mita za mraba 100 ni lita 500. Hayo ni madumu 25 ya lita 20, kila siku ya Mungu. Kwa vitalu 14 ni lita 7,000. Leicester mvua inanyesha yenyewe karibu mwaka mzima na mpangaji anapita na kopo la kumwagilia wiki ya joto. Mlandizi, Januari, mchicha usiomwagiliwa siku mbili unalala chini kama nguo iliyoanuliwa. Kwa hiyo dada alidhani anakodisha udongo, kumbe udongo ulikuwa nyongeza ya maji. Yeyote anayepanga bei ya kitalu kabla hajapanga bei ya lita moja ya maji shambani kwake anabahatisha.

Tulianza na pampu ya petroli kutoka kijitoni, kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde, matenki mawili ya lita 2,000 kila moja yaliyonyanyuliwa juu ya magogo, na mabomba. Petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, kila asubuhi pampu ilipowaka nilisikia kama inakohoa hela. Oktoba mwaka huohuo Ruvu ilishuka hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Wenye pampu mtoni tukaambiwa tuzime. Mtu hawezi kubishana na hilo: ndugu zetu wenyewe Tabata walikuwa wanapanga foleni na ndoo. Lakini mchicha hausomi matangazo. Wiki tatu vitalu vyote viligeuka rangi ya magunia, na wapangaji sita hawakurudi tena.

Desemba tukachimba kisima, mita 40 kwa shilingi 120,000 kwa mita, yaani 4,800,000. Maji yalitoka, na chumvi kidogo ndani yake. Ukipika chai unaisikia. Tulipaswa kuuliza visima vya majirani vina ladha gani kabla ya mtambo kufika, jambo ambalo lingetugharimu vikombe viwili vya chai. Chumvi ile haikuua bustani, iliichagua. Mchicha haukujali. Spinachi ilinawiri. Maharage yakaungua kingo za majani, karoti hazikuota vizuri, vitunguu vikadumaa. Wapangaji waliotaka kulima kama kwenye picha ya binti walivunjika moyo. Mama mmoja muuza genge aliyetaka mchicha, matembele na spinachi tu akaongeza kitalu cha pili.

Waliokuja na waliobaki

Kundi la kwanza lilitoka Dar: wauguzi wenzake dada, majirani zake, kijana mmoja wa benki. Jumamosi za mwanzo zilikuwa sherehe. Watoto, maji ya matunda, picha kwenye simu. Mwezi wa tatu nikaanza kuona pengo. Kutoka Tabata uende Mbezi, Mbezi hadi Mlandizi, foleni ya Kibaha, halafu bodaboda hadi shambani. Ukifika jua liko utosini na ndago imeshasimama kuliko mboga. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne. Ukikosa Jumamosi mbili, umekosa mavuno.

Wengi waliomba kijana wa shamba awamwagilie na kupalilia. Wakalipa, kisha wakachelewa kulipa, kisha wakapiga simu kuuliza kama mboga zao zinaweza kupakiwa kwenye basi. Hapo mtu hakodi kitalu tena, ananunua mchicha kwa njia ndefu sana.

Aliyetutoa gizani ni mwalimu mmoja wa sekondari aliyepita kwa miguu akauliza kama kuna nafasi. Kwao ni Ngara. Amepangiwa kazi Mlandizi, anakaa chumba na sebule, hana hata tuta moja, na mkewe amezoea kula alichokiotesha. Watu kama yeye wamejaa kila mji mdogo wa Tanzania: walimu, wauguzi, askari, maofisa wa halmashauri, waliohamishwa mbali na mashamba ya kwao. Wanajua jembe, wana mshahara, wanaishi dakika kumi kwa baiskeli. Mpangaji wa vitalu alikuwa pale siku zote, sisi tulikuwa tunamtafuta Sinza, huko Dar.

Yeye ndiye pia aliyesema kitalu ni kikubwa mno. Mtu mwenye kazi anamwagilia jioni, saa kumi na moja hadi giza linaingia. Madumu 25 ni adhabu, madumu 12 ni mazoezi. Katikati ya 2023 tukavigawa vitalu vyote kuwa mita 5 kwa 10, vikawa 28, kwa shilingi 15,000 kwa mwezi maji yakiwemo, na pampu ikahamia kwenye sola kwa shilingi milioni 2.4.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Wa kwanza ulikuwa wa mdomo, kwa sababu "tunafahamiana". Mpangaji mmoja akaotesha migomba mpakani. Mwingine akamkodisha shemeji yake nusu bila kusema. Wa tatu akalima nyanya, zikaingiwa na kanitangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, akapiga dawa Ijumaa jioni yenye upepo. Jumamosi asubuhi jirani yake akachuma mchicha na kuondoka nao. Dada alimkimbilia hadi barabarani kumnyang'anya. Yule mama alikasirika, na hadi leo hajui vizuri kwamba aliokolewa tumbo.

Mkataba wa sasa unaendeshwa kwa msimu, unahuishwa kila msimu, nakala moja iko ofisi ya kijiji. Hakuna zao la kudumu: mgomba, mpapai, mwembe, hata mmoja. Sababu tulishaisomea ada kwa yule kijana wa mikorosho. Aliyeotesha mti ana neno la kusema siku ya kuondoka, na anayekaa kimya juu ya ardhi yako mwaka hadi mwaka bila karatasi anaanza kujenga haki. Ukomo wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, na miaka 12 si mingi kama inavyosikika. Hakuna kibanda cha mtu binafsi. Nyanya zinalimwa mstari wa upande wa chini wa upepo peke yake, na mpigaji dawa anafunga kitambaa chekundu kwenye kamba hadi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Kitambaa kimefanya kazi kuliko vikao vyote.

Daftari

Kabla ya kisima, dada alikuwa ameweka shilingi 11,530,000: ardhi milioni 7, kijiji 700,000, mikorosho 480,000, pampu na mabomba 1,150,000, matenki na jukwaa 1,300,000, seng'enge na nguzo 900,000. Kwa wastani vitalu 9 kati ya 14 ndivyo vilivyolipiwa, 225,000 kwa mwezi. Kijana wa shamba 120,000, petroli 60,000. Zinabaki 45,000, yaani 540,000 kwa mwaka. Asilimia 4.7 ya fedha aliyoweka. Hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka ingempa 1,448,000 akiwa amekaa kibarazani.

Kisima na sola vimepandisha mtaji hadi 18,730,000. Mwaka 2024 vitalu vidogo 19 vililipiwa kwa wastani, 285,000 kwa mwezi. Ukitoa kijana wa shamba na 30,000 za matengenezo unabaki na 135,000, au 1,620,000 kwa mwaka. Asilimia 8.6. Imepanda, na bado hatifungani inaishinda. Sijaweka humo kupanda kwa thamani ya ardhi, kwa sababu thamani ambayo hujaiuza ni maneno ya dalali. Sijaweka pia mshahara wa dada, anayekuwepo pale siku nne kwa wiki. Angejilipa hata nusu ya anachomlipa kijana, faida ingeshuka karibu nusu.

Je, ningemshauri mtu afanye? Mwenye fedha anayetaka fedha izae, hapana. Aliyekwisha kuwa na eneo karibu na mji mdogo, mbali ya mita 60 na mto, lenye kisima cha maji matamu, na mwenye nguvu za kuwepo, ndiyo, aanze na vitalu vitano. Gharama tatu zilizomuumiza dada, yaani hatua za mzee, ukanda wa mto na maji mara mbili, zote zingeonekana kwa futi kamba na wiki moja ya kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Nilimpelekea hesabu hizi Desemba. Alizisoma kwa miwani ya ncha ya pua, akakubali zote, akakataa mstari mmoja. Kitalu namba 1, kilicho jirani na matenki, analima yeye, na mimi nilikuwa nimeandika "mmiliki, hakilipiwi". Akachukua kalamu akakata, akaandika jina lake kwenye safu ya wapangaji. Nimemuandikia 15,000 ya Januari. Mpaka sasa hajalipa.